Paka Aliyeitwa Wangu

Tarehe 11 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba vidole vinakuruhusu angalau kufungua bahasha. Mimi huku ni mzima. Kazi ndiyo ile ile ya mashuka. Hoteli imejaa, na ile mashine kubwa ya pasi ikishapata moto hakuna wa kukaa chini. Sisi tunaingiza mashuka upande huu, wenzetu wanayapokea upande ule, na jasho kila mtu anapokea lake.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Nilipiga, Mama. Ukasema "Nani?" mpaka nikachoka, halafu ukakata. Basi tuandikiane kama ulivyotaka, maana masikio yako na simu vimekwisha kukosana.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kimashine cha gemu. Usicheke kwanza. Daktari alisema baridi yabisi haitaki vidole vikae bure, na najua nikikutumia mpira wa kufinya utaugawa. Hiki kinafunguka kama kijaluba cha poda, kina vioo viwili. Pembeni kuna kikalamu kisicho na wino, kimechomekwa kwenye kitundu chake. Kivute kwa ukucha. Kioo cha chini ndicho unachokigusa. Humo mna kitoto cha paka. Unamkuna, unamwogesha, unamrushia mpira, unamwandikia jina, na ukimwita kwa sauti anakuja mbio. Ukimsahau anakonda. Maandishi yake ni ya lugha ya wageni, kwa hiyo nimekuchorea kwenye karatasi wapi pa kugusa kwa kazi gani. Pale nilipotia wino mwekundu usipaguse, hapo panafuta kila kitu. Wenzangu wa zamu wanacheza kwenye mapumziko, watu wazima na ndevu zao.

Nisalimie sana Mama Mdogo. Mwambie magoti yake nayaulizia.

Mwanao

Tarehe 3 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, au tuseme nina ujambo wa mtu anayefungwa vifungo na mke mwenzake. Wewe je? Huko wanakupa chakula au wanakupa mvuke tu?

Kijidude chako nimekipata. Mwanzo nilidhani ni poda kweli, nikafurahi. Miaka yangu yote ya umatroni bwenini kazi ilikuwa kupekua chini ya mito ya wasichana na kuwanyang'anya vitu vya namna hii. Leo wangu mwenyewe ananitumia changu, tena kwa posta. Dunia haina aibu.

Paka wako nilimkuna siku chache. Mkono ukaniuma, naye ananikodolea macho kama mwanafunzi anayetaka ruhusa ya kwenda chooni. Nikamfungia kwenye droo. Ndipo Bi Mdogo akaja na maswali yake: "Dada, yule paka amekula?" Nikamwambia, "Mfungulie mwenyewe uone."

Sasa njoo ushuhudie. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, kakaa kwenye kigoda jikoni, ulimi nje, anamwogesha paka kwa maji yasiyokuwepo. Na jina aliloliandika unalijua? Wangu. Mimi niko chumbani namsikia, hata mimi nisiyesikia: "Wangu! Njoo, Wangu!" Mwanamke ambaye baba yako alimleta humu ndani amzalie watoto wa kiume, na hakumzalia hata wa kusingiziwa. Nikampigia kelele, "Hongera, umejifungua salama!" Akacheka na yeye. Hana akili ya kujua anapochekwa, ndiyo maana tumedumu chini ya paa moja hata baada ya mwenye nyumba kuzikwa.

Mama yako

Tarehe 24 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima na maumivu yamepungua. Mimi sijambo, nimeungua kidogo mkono kwa pasi lakini panakauka.

Barua yako ilinichekesha, halafu ikaacha kunichekesha. Usimwambie tena Mama Mdogo maneno ya kujifungua. Anaelewa, Mama. Siku zote alikuwa anaelewa. Nilipokuwa mdogo, wewe uko bweni mwezi mzima, alikuwa akinisuka ananiambia, "Mama yako ana ulimi, lakini moyo wake hauna neno." Mimi nilikuwa nauliza moyo huo umewekwa wapi, naye ananivuta nywele ninyamaze.

Mwache acheze. Na wewe cheza, hilo gemu ni dawa yako kabla halijawa starehe yake. Mleeni pamoja, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Mtakuwa na la kuzungumza zaidi ya bei ya mkaa.

Mwanao

Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu inazidi kunawiri, na sababu nitakueleza. Huo mkono ulioungua upake asali.

Umeshauri tumlee pamoja. Nimetii, kwa utaratibu wangu. Nimegundua kile kioo hakisikii kidole. Ukucha kinausikia kidogo, lakini Bi Mdogo kucha zake zimeliwa na sabuni. Bila kikalamu hana lake. Basi kimashine analala nacho yeye, kikalamu nakaa nacho mimi, ndani ya sidiria. Asubuhi ananikanda vidole kwa mafuta ya moto, anafua, anapika, anapiga deki mpaka chini ya kitanda changu ambako hakujaonana na maji tangu msiba. Nikiridhika, nampa. Nisiporidhika, mtoto analala njaa.

Juzi chai ilikuja imepoa. Nikapiga tu kifua changu hapa penye kikalamu, aelewe. Akasimama pale. "Dada, tangu jana hajala." Nikamwambia, "Mwambie amefunga." Akaenda akachemsha chai upya, akarudi nayo, akaiweka, akapiga magoti. Na magoti yale unayajua yalivyo, ilibidi ashike mguu wa kitanda kushuka. "Dada, nisamehe, amekonda." Wasichana wangu wa bweni, hata ukiwanyima godoro, hawakuwahi kuomba vile. Nilimwacha pale mpaka chai ikaisha kikombeni.

Nyumba inang'aa. Asante kwa dawa, mwanangu. Kweli daktari wako anajua kazi.

Mama yako

Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Afya yangu nzuri. Yako sikuulizi, umeshanieleza inatokana na nini.

Mpe kikalamu. Leo, ukimaliza kusoma hapa, kitoe hapo ulipokiweka umpe. Nimemnunulia kimashine chake mwenyewe na kitakuja kwa jina lake, wewe baki na hicho.

Wewe unaona umepata mtumishi. Mimi naona mtu aliyekaa nami nilipougua surua, akanifumba macho kwa kitambaa cha maji mwanga usiniumize. Nilipovunja ungo ni yeye niliyemwambia, akanifundisha, akaniletea uji kitandani. Wewe niliambiwa utaarifiwa mwisho wa mwezi ukirudi. Baba aliwahi kunieleza kwamba neno "mama" nililitamka kwanza kumwita yeye, nawe umesimama mlangoni na begi lako la bweni. Akaniomba nisikuambie kamwe kwamba najua. Nakuambia.

Huyo ndiye unayempigisha magoti kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Mwanao

Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako nimezipokea. Sijambo sana.

Ni kweli nilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimekuletea viatu vyekundu. Nilikaa navyo kwenye begi mpaka mguu wako ukawa mkubwa kuliko vyenyewe, nikampa mtoto wa mpishi. Baba yako alikuwa na mdomo mpana kuliko nilivyodhani.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikamwita Bi Mdogo chumbani. Nikamwambia achukue kigoda akae karibu nami, nikatoa kikalamu. Macho yakamtoka kwa furaha. Nikamwambia, "Paka wako mgonjwa. Humsikii anavyopiga chafya?" Yule paka hupiga chafya kila akitoka kuoga, ndivyo alivyotengenezwa, lakini Bi Mdogo atajuaje. Akashika kifua. Nikamwambia, "Usihangaike, kuna mahali pa kumpeleka kwa daktari. Binti yangu kaniandikia." Nikafungua karatasi yako, nikamwonyesha pale penye wino mwekundu.

Akagusa. Kimashine kikauliza kwa lugha yake kama ana hakika.

"Kinasemaje, Dada?"

"Kinauliza kama unampenda."

Akagusa ndiyo. Kikauliza mara ya pili.

"Na sasa?"

"Kinauliza kama unampenda kweli."

Akagusa, mwanangu, kwa nguvu mpaka kioo kikalia.

Kikawa cheupe. Ukapigwa ule muziki wa mwanzo, wa kukaribisha wageni. Akangoja. Akasema, "Wangu." Akakisogeza mdomoni, akaita polepole, kama mtu anayeamsha mmoja bila kutaka kuwaamsha wengine. "Wangu, njoo." Halafu akaniuliza, "Dada, daktari huchukua muda gani?"

Nikamwambia, "Daktari gani? Umemfuta. Umegusa kwa mkono wako mwenyewe, mimi nakuangalia."

Nilitaka kuona atafanyaje. Hakufanya kitu. Alikipangusa kile kioo kwa upindo wa gauni, akakifunga, akaniwekea kikalamu mkononi, akaenda kumalizia vyombo. Sikusikia hata sahani moja ikigonga nyenzake.

Hicho kingine usikitume.

Mama yako

Tarehe 5 Mei

Mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama kazini, shuka la mtu likaungua. Mwenzangu akaniuliza nani amekufa.

Mwambie ukweli. Mwambie kwamba ulimdanganya, kwamba mkono ulikuwa wake lakini aliyefuta ni wewe. Mpaka umwambie, usiniandikie.

Mwanao

Tarehe 18 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima, ingawa hukutaka nikuulize. Naandika kwa sababu kuna jambo, si kwa sababu nimetii.

Sikumwambia. Hakuniuliza, nami si mtu wa kujibu nisichoulizwa. Alikuwa akifanya kazi zake vizuri tu, ameacha kelele za kuitaita jikoni. Jumapili alipika, akafua, akajaza ndoo zote mpaka lile beseni la kuogea. Akaniambia, "Dada, lete mikono." Akanikata kucha. Moja moja, za mikono, halafu akakaa sakafuni akanikata za miguu, akazifagia kwa kiganja. Nikasema moyoni, adabu imemwingia.

Jumatatu kitanda chake kimetandikwa na ufunguo uko mezani. Mama wa duka anasema alimwona kituoni na lile sanduku alilokuja nalo siku baba yako alipomwoa. Kijidude chako kakiacha juu ya jokofu.

Atarudi. Hana kwao, hana mtu. Ataenda wapi na magoti yale?

Mama yako

Tarehe 10 Julai

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi huku hatujambo, na nikisema sisi utaelewa.

Mama Mdogo yuko kwangu. Nauli nilimtumia kupitia mama wa duka, ambaye anajua kufunga mdomo akitaka. Nilimpokea kituoni. Alikuwa amevaa lile gauni la misiba, akanishika uso, akasema nimekonda, kisha akauliza kama hapa kuna jiko la kueleweka.

Siku ya pili nilimkalisha nikamweleza kila kitu. Chafya, wino mwekundu, yale maswali mawili na ulivyoyatafsiri. Barua yako nilikuwa nayo mkononi, nikamsomea. Aliniangalia kama mtu anayesomewa habari za watu asiowajua. Akasema, "Mama yako hawezi. Ameandika hivyo ili nisijilaumu. Mimi ndiye niliyekosea kugusa." Nikamwambia, "Mama Mdogo, ameandika mwenyewe!" Akasema, "Ndiyo ulimi wake huo. Hukuuzoea tu."

Nikampa kile kimashine nilichomnunulia, kipya, chenye kikalamu cheupe. Akakirudisha mezani. Akasema mkono wake umeshaua mmoja, hautaki mwingine. Na hakuwa anatania.

Nimefikiri ujue.

Mwanao

Tarehe 29 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mwandiko huu si wangu, usishtuke. Anayeandika ni mama wa duka, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwonya asitie yake.

Nilianguka bafuni. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, wamekifunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Nililala pale chini tangu asubuhi mpaka dukani walipoona sijaenda kuchukua mkate. Maji yalikuwa yanaendelea kutiririka na sikuweza kufikia bomba. Si kwamba sikuita. Niliita. Unajua niliita nani? Nilimwita yeye, na nilijua hayupo, na niliendelea tu.

Mwambie arudi. Mwambie ni mimi. Mwambie hapakuwa na daktari, nilimdanganya, na nilijua ninachokifanya tangu mwanzo. Kama haamini barua, aje nimwambie kwa mdomo wangu aniangalie usoni. Chumba chake sijagusa kitu. Jirani ananivalisha, lakini ananivalisha kwa haraka.

Mama yako

Mimi mama wa duka naongeza kidogo na sitamsomea. Hali chakula vizuri. Mchana anakaa mlangoni, basi likipita anainuka. Ile gemu anayo mapajani, imezimika betri, na hataki niichaji. Mje.

Tarehe 30 Septemba

Mwanangu,

Hii naandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Samahani kwa mwandiko.

Je, zile barua mbili alizoniandikia mama wa duka zilifika? Mwambie nangoja.

Mama

Tarehe 2 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nafuu, na kwamba plasta imekwisha kutolewa. Mimi sijambo, kazi inaendelea. Wamenipandisha, sasa nasimamia zamu ya asubuhi, sigusi pasi ila nikipenda.

Barua zako zote zimefika, zile mbili za mama wa duka na ya mkono wa kushoto. Nimezisoma zaidi ya mara moja. Nimemwomba mama wa duka akutafutie msichana wa kukusaidia, wa kulala hapo hapo. Mshahara ni juu yangu. Mtendee vizuri, maana huyo hajakuzoea.

Mama Mdogo ni mzima. Hotelini wamempa kazi ya kukunja taulo, ya kukaa, kwa ajili ya magoti. Kila mtu pale anamwita Mama, hadi meneja. Anacheka sana. Ila mwanzo kila mtu wa posta akipita alikuwa anauliza, "Dada hajaandika?" Nilimjibu hajaandika.

Mwezi uliopita nilimkuta amefunga sanduku. Amevaa viatu kabisa. Akasema atakuja kukuona hata kama umemkasirikia, kwa sababu hawezi kula akifikiria nani anakufunga vifungo. Nikamwambia akae kwanza, kwamba nilikuwa namficha ili asiumie, lakini umeandika. Akakaa kitandani na mkoba wake mapajani. "Kasemaje?" Nikamwambia umesema hutaki kumwona tena maisha yako yote, kwa sababu ya yule paka. Umesema kama aliweza kumfuta kiumbe aliyeachiwa amtunze, hakuna asiloweza.

"Kasema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

Hakulia. Alivua viatu, akafungua sanduku, akatoa nguo moja moja akazirudisha kabatini, za kukunja akakunja, za kutundika akatundika. Akaniuliza kama ninataka chai. Nilikaa nikisubiri roho iniume. Nikaenda kazini, nikarudi, bado nasubiri. Haijaniuma, Mama.

Usimtumie mtu, na simu usijaribu, namba nimebadilisha. Mama wa duka nimemwambia Mama Mdogo ndiye hataki kusikia habari zako, na ameniamini, amesikitika sana. Barua zako nikishazisoma nazitia kwenye tanuri la boila huko kazini. Lakini wewe endelea kuniandikia. Napenda kujua unaendeleaje.

Sasa ananiita, chakula kinapoa. Anauliza kutoka jikoni ninamwandikia nani muda wote huu. Nimemwambia ni mambo ya kazi.

Mwanao